Fungu la Sauna

Upepo ulikoma katikati ya Januari, na kwa wiki mbili Bahari ya Baltiki ikatulia kama uji uliopoa. Mitambo ya upepo ya nchi zote za pwani ile ilisimama, mapanga yake yamevikwa barafu. Huko miji ya kusini bei ya umeme ilipanda kila saa, hata watu wakawa wanachungulia bei kwanza ndipo wabandike birika la chai. Kisha waya mkuu wa chini ya bahari ukakatika, na mpaka leo hakuna anayejua ulikatwa na nini.

Sisi wa Kivisalmi tulikuwa tunaoga maji ya moto.

Sijivuni. Mtu hajivunii kitu alichokikuta. Mimi ni Sikudhani wa Korogwe, mhandisi, niliyekuja Ufini kusoma nikabaki kufanya kazi. Asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa chini ya mji, ndani kabisa ya mwamba, nimevaa miwani myeusi kama ya fundi wa kuchomelea vyuma, nakagua vioo.

Nyuma ya vioo kulikuwa na mawe. Ni mawe ya sabuni, ndugu na yale ya Kisii yanayochongwa vinyago, ila haya yamesagwa na kuchanganywa na madini ya kuyazuia yasipasuke. Wakati wa kiangazi, jua linapokataa kuzama na upepo unavuma mpaka umeme unakosa mnunuzi, watu wa Kivisalmi huumwaga umeme wao wote ndani ya mawe hayo mpaka yanawaka meupe. Baridi ikija, vioo huula ule mwanga wa mawe na kuurudisha ukiwa umeme. Ndiyo teknolojia yenyewe. Waandishi wa habari huja kutoka mbali wakaieleza kwa kurasa sita, nami huwa nawaambia wameongeza kurasa tano na nusu.

Pango walilichimba wenyewe, familia kwa familia, kwa kazi ya pamoja wanayoiita talkoot. Kwetu tungeiita msaragambo. Mji wa ng'ambo ya ghuba, Tervaluoto, ulialikwa ushiriki ukakataa. Walisema Kivisalmi wamepata wazimu, wanapika mawe.

"Kioo cha nne kina vumbi," alisema Hilkka.

Hilkka Rautio ndiye aliyeubuni mtambo ule, na sasa, mvi zimejaa kichwani, bado alikuwa mkuu wangu wa kazi. Wiki yangu ya kwanza nilimwita Mama Hilkka kwa adabu, akaniuliza mimi ni mtoto wake wa ngapi. Tangu siku hiyo namwita Hilkka kavu kavu kama wenyeji, lakini moyoni nampigia goti kila asubuhi.

Nilikuwa nafuta kioo cha nne simu iliponitetemekea mfukoni. Alikuwa Mwajabu, mdogo wangu. Alinifuata huku miaka miwili baada yangu, akapata kazi kwenye mabanda ya nyanya Tervaluoto, akaolewa hukohuko. Wiki iliyotangulia alijifungua mtoto wa kiume kabla ya miezi kutimia, na mtoto alikuwa amelazwa hospitali ya pale ndani ya kisanduku cha joto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Yupo. Dada, umeme umekatika mji mzima tangu alfajiri. Umeme kidogo uliobaki nchini umenunuliwa na miji mikubwa, sisi hatukuweza kushindana nao. Hospitali inatumia betri."

"Zitafika mpaka lini?"

"Daktari anasema saa kumi na nusu jioni, tena wameshazima kila kitu kingine."

Nikamwuliza habari ya helikopta. Akasema ukungu wa baridi umeziba anga, haziruki. Nikauliza habari ya barabara ya kuzunguka ghuba, na jibu nililijua mwenyewe: theluji ilikuwa imeifukia. Mumewe alikuwa kusini kikazi, amekwama huko.

"Dada," akasema taratibu, "ninyi si mnao umeme?"

*

Chumba chetu cha uongozaji, kilicho juu ya mwamba, kina ukuta mzima wa skrini, na kompyuta moja tunayoiita Mgavi. Yeye ndiye hugawa umeme wa mawe kwa nyumba zote, mia tisa na ushei. Waya wa kwenda Tervaluoto ulikuwepo na ulikuwa mzima. Nilimwuliza Mgavi ana ziada kiasi gani ya kupeleka huko. Akajibu hana.

"Haiwezekani," nilisema. "Mawe yana joto la kutufikisha Machi."

"Ziada ni kitu kisicho na mwenyewe," alisema Hilkka. "Humo kila punje ina mwenyewe."

"Nionyeshe mafungu."

Akanifungulia. Kulikuwa na fungu la maji, fungu la zahanati, fungu la nyumba ya wazee, fungu la kupasha nyumba joto, yote yamewekwa alama ya lazima. Na humohumo kwenye mambo ya lazima, juu ya taa za barabarani, palikuwa na fungu la sauna. Nilidhani nimesoma vibaya.

"Nani aliiweka sauna safu moja na zahanati?"

"Mimi. Kwenye mkutano wa kwanza kabisa. Hakuna aliyepinga."

Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa nimeishi pale miaka mitatu na nilijua. Kila Jumamosi ikifika saa kumi jioni, kila nyumba huwasha kile chumba chake kidogo cha mbao cha kuogea mvuke, na mstari wa matumizi kwenye ukuta wetu hupanda wima kama ngazi. Niliwaona wakiahirisha harusi. Niliwaona wakifunga shule kwa ajili ya baridi. Sauna ya Jumamosi sikuwahi kuona ikiahirishwa. Mama yake Hilkka alizaliwa ndani ya sauna, kama watu wa zamani walivyozaliwa, na bibi yake alioshwa humohumo alipokufa. Ukiwauliza wenyewe watakwambia mtu anaweza kukosa chakula siku moja, hicho si kitu, ila sauna ya Jumamosi hapana.

Nikapiga hesabu. Fungu la sauna la siku ile peke yake lingeiwasha hospitali ya Tervaluoto, na pampu zao za maji pia, mpaka Jumapili jioni. Watabiri walisema upepo utarudi Jumapili jioni. Maji yetu, joto letu, zahanati yetu, visingeguswa hata kidogo.

Shingoni nilikuwa nimevaa ufunguo wa dharura, maana zamu ilikuwa yangu. Ufunguo ule hufungua fungu lolote bila kumwuliza mwenyewe. Uliwekwa kwa ajili ya moto au ajali ya pangoni.

"Hilkka, nafungua."

"Kwa ajili ya nani?"

"Hospitali."

"Hospitali, au mtoto wa mdogo wako?"

Nilichukia. Nilichukia kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu aliisema kwa sauti ileile aliyosemea vumbi la kioo. "Vyote viwili," nikamjibu. "Kwetu damu ni nzito kuliko maji, na sioni aibu."

"Usione. Lakini fungu ni la wenyewe. Leo utalichukua kwa sababu nzuri. Mwakani mwingine atalichukua kwa sababu nzuri kidogo. Baridi itakayofuata kila mtu atanunua betri yake na kuifungia stoo, na hakuna atakayemwaga umeme wake humu tena. Tutabaki na shimo lenye mawe."

"Na mtoto akifa?"

Jibu lake nalihesabu miongoni mwa mambo ninayomheshimia. "Basi nitakuwa nimekosea," alisema, "na nitaishi nalo. Waulize kwanza, Sikudhani. Watu hawajakataa jambo ambalo hawajaulizwa."

*

Kila nyumba ya Kivisalmi ina skrini ndogo ya umeme ukutani jikoni, na kupitia hiyo tunaweza kupeleka ujumbe. Nikaketi kuandika. Nilianza kwa salamu, nikawapa pole kwa baridi, nikawaeleza habari za majirani zetu wa Tervaluoto, za wagonjwa, za watoto wachanga, nikawaomba kwa hisani yao na moyo wao wa ukarimu. Hilkka alisoma begani kwangu akafuta karibu vyote. Zikabaki sentensi mbili: Hospitali ya Tervaluoto haina umeme. Fungu la sauna la leo lingetosha.

"Hata tafadhali hutaki?"

"Tafadhali inamfanya mtu aone haya kukataa. Tunauliza, hatuombi."

Chini ya sentensi hizo niliweka kitufe cha kuachilia fungu. Hilkka akateremka kumalizia vioo, na mimi, nikiwa peke yangu, nikaongeza kitu ambacho niliona ni cha maana sana. Niliweka nafasi ya majina. Kila atakayeachilia fungu lake, jina lake litokee papo hapo kwenye skrini za wengine wote, na neno la shukrani pembeni.

Nani angenilaumu? Kwetu chanda chema huvikwa pete. Mchango wa harusi husomwa kwa kipaza sauti, vigelegele vinapigwa, na mjomba aliyekuwa ameahidi kidogo, akisikia jina la jirani yake limetajwa kwa kikubwa, husimama mwenyewe akaongeza. Nimeona kumbi zikijaa michango kwa mtindo huo. Nikautuma ujumbe adhuhuri, nikakaa kungoja majina yamiminike.

Ilipofika saa saba hakukuwa na jina. Saa nane kulikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la mwalimu mmoja aliyehamia kutoka Helsinki juzijuzi. La pili lilikuwa langu.

Hapo nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nije nchi ile. Niliwawaza mmoja mmoja. Pentti, jirani yangu mstaafu, ambaye msimu wote wa theluji hunisafishia njia kabla sijaamka. Yule mama wa duka la mikate anayeniwekea mkate wa moto. Nikasema kumbe wema wao wote ni wa theluji na mikate. Ukigusa maji yao ya kuogea unawajua walivyo. Nikawaita wachoyo kwa Kiswahili, kwa Kisambaa, na kwa Kifini pia ili wasikose kitu.

Hilkka alirudi akanikuta katika hali hiyo. Akatazama skrini. Akaitazama tena.

"Umeweka majina?"

"Ndiyo. Ili washukuriwe."

Akavua miwani akafumba macho. Nikajua nimeharibu, ila sikujua nini.

"Watu hawa kuvua nguo mbele ya jirani hawaoni haya," alisema. "Ndiyo sauna yenyewe. Ila kuonekana ni wema, hapo unawaua. Anayebonyeza hicho kitufe ni kama amepanda juu ya meza akasema nitazameni."

"Basi niyaondoe."

"Wameshayaona. Ukiyaondoa, atakayebonyeza atajua kwamba wengine wanajua alikuwa anangoja yaondolewe. Itakuwa haya mara mbili."

Nilikaa chini. Kosa lilikuwa langu na la malezi yangu mazuri, na gharama yake ilikuwa imelala ndani ya kisanduku ng'ambo ya ghuba.

*

Mwajabu alipiga tena saa tisa na nusu. Nje giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya huko.

"Dada, umewauliza?"

"Nimewauliza."

"Wamesemaje?"

"Hawajasema."

Nilisikia viatu vya wauguzi vikikimbia nyuma yake. "Mama aliniambia unashika ufunguo wa mahali hapo pote. Ni kweli?"

"Ninao hapa."

"Basi unangoja nini?"

"Nangoja saa kumi."

"Saa kumi kuna nini, dada? Huyu mtoto hata jina hatujampa."

Nilimwambia asikate tamaa, kisha nikakata simu.

Kulikuwa na kanuni moja ndogo ndani ya Mgavi ambayo nilifundishwa siku za mwanzo nikaicheka: fungu ambalo halijaguswa robo saa baada ya wakati wake huhesabiwa ziada. Kwa sauna kanuni hiyo haikuwahi kutumika hata mara moja tangu mawe yawashwe. Niliiona kama sheria inayosema mto ukipanda mlima tufanye nini.

Basi nikaamua. Nitangoja saa kumi. Mstari ukianza kupanda, nitafungua, wanifukuze, wanishitaki, waniite mwizi, na mwizi nitakuwa kweli. Nilivua ufunguo shingoni nikauingiza kwenye tundu lake bila kuuzungusha. Hilkka aliona. Alivuta kiti akaketi karibu nami, karibu kuliko alivyowahi kuketi.

Saa kumi ikafika.

Mstari ukanyanyuka. Vidole vyangu vikaushika ufunguo, na Hilkka akaweka mkono wake juu ya wangu. Haukuwa mzito.

"Tazama vizuri," alisema.

Mstari ulikuwa umenyanyuka unywele mmoja tu, ukasimama.

"Hiyo ni nyumba ya wazee," alisema Hilkka. "Wale hata vita haikuwazuia kuoga."

Tukangoja. Mstari ukabaki ulipo. Saa kumi na dakika tano, saa kumi na dakika kumi, nilidhani skrini imekwama, nikaipiga kofi. Kisha nikaenda dirishani. Sauna za Kivisalmi ziko uani, na kila moja ina kidirisha kimoja ambacho Jumamosi huwaka taa ya njano. Kutoka kwetu juu unaviona vyote mpaka ufukweni. Vilikuwa vyeusi. Mtaa wa Pentti ulikuwa mweusi, mtaa wa duka la mikate mweusi, mpaka nyumba ya mwisho, na nilijua watu wamo, maana nyuma ya mapazia ya jikoni taa zilikuwa zinawaka na watu wanapita. Walikuwa wamekaa tu. Nilisimama pale nikilia waziwazi, na kama kuna siku niliwahi kuwapenda watu nisio na undugu nao, ni siku ile. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, na nilidhani ni ya kuwaonya watu.

Saa kumi na robo Mgavi aliandika kwamba sasa ana ziada. Nilikuwa bado dirishani, kwa hiyo ni Hilkka aliyeipeleka Tervaluoto.

Mwajabu akapiga simu. Nilisikia mashine zikianza kulia tena moja moja, na mtu akicheka, na mdogo wangu akisema, "Taa. Dada, taa."

Baadaye nilichomoa ufunguo nikamkabidhi Hilkka.

"Ningeuzungusha," nilimwambia. "Nataka ujue."

"Najua. Na mimi ningekushika mkono." Akafikiri kidogo. "Sijui kama ningekushika kwa nguvu."

*

Upepo ulirudi Jumapili jioni kama walivyosema, na usiku ule mapanga yalizunguka pwani nzima. Jumatatu asubuhi nilitoka nikiwa nimejiandaa kushukuru. Nilimkuta Pentti anazoa theluji mlangoni kwangu kwa koleo lake.

"Pentti," nilisema, "kuhusu Jumamosi."

"Jumamosi?" Alichota theluji akaitupa. "Sikuoga Jumamosi. Nilikuwa na mafua."

Nilimtazama. Alikuwa kifua wazi chini ya koti, mashavu mekundu, anapumua kama farasi. Sijawahi kuona mgonjwa wa mafua mwenye afya kama ile.

Nikaenda dukani. Mama wa mikate alinifungia mkate wangu, na kabla sijafungua mdomo akaniambia mume wake alikuwa na mafua Jumamosi, hivyo hawakujisumbua kuwasha sauna. Dereva wa gari la theluji alikuwa na mafua. Mchungaji wa kanisa alikuwa na mafua, yeye na watoto wake wanne. Nilipofika kwa mtu wa sita nilielewa nikaacha, nikawa nasema pole tu. Wote waliipokea pole yangu kwa uso mkavu, isipokuwa mwalimu wa Helsinki, aliyenong'ona kuniuliza kama na yeye angepaswa kuugua.

Jioni Mwajabu alipiga simu. Mtoto alikuwa amenyonya kwa mara ya kwanza. Alitaka kuoka keki aivushe ghuba, alitaka kuandika gazetini, alitaka majina ya watu wote ili awaombee dua mmoja mmoja.

"Usithubutu," nilimwambia. "Utawatia haya, hawataonana uso kwa uso mpaka masika."

"Sasa dada, watu wamenifanyia jambo kama hili, nami ninyamaze tu? Huyu akikua akiniuliza nani walimpa umeme siku ile, nimjibu nini?"

Nilichungulia dirishani. Pentti alikuwa ameshamaliza tena njia yangu na sasa anasafisha ya jirani wa pili, koti amelitundika kwenye ua.

"Mwambie," nikasema, "kuna Jumamosi moja mji mzima uliugua mafua."